Kidole gumba kwenye kumi

Béatrice alifika kwangu Butembo siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, vumbi la barabara ya Alimbongo likiwa bado kwenye nyusi zake. Mkononi alishika bomba la plastiki, lile la kupitishia maji, limezibwa huku na huku kwa vitambaa. Hatukuwa tumeonana hata siku moja. Alisema yeye ni binti wa Géomètre Ilunga, mpima viwanja, kwamba baba yake amekufa Kalemie na wamekwisha kumzika, na kwamba bomba hili lilikuwa nyuma ya kabati lake miaka yote, limeandikwa kwa mkono wake: Mademoiselle Katungu, Butembo. "Nimeuliza mu bureau ya cadastre ya Goma, banasema ba Beni njo banakujua. Nikapigia ba Beni simu, banasema uliolewa huku," alisema. "Donc nimekuja." Nilimpa kiti, nikampa chai, nikamwambia pole. Nilingoja kitu kipande kifuani, hakikupanda. Nilikwenda jikoni kuchukua kisu cha viazi ili nikate kamba za vitambaa, na nikiwa natembea kurudi nilijua tayari kilichomo ndani ya bomba, kwa sababu mimi ndiye niliyekichora.

Mwaka niliokichora nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mchoraji katika ofisi ya cadastre ya Beni, yaani ofisi inayopima viwanja vya watu. Ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza mbili na dirisha lisilo na kioo. Papa Ilunga, mkuu wangu, alikuwa ametumwa na serikali kutoka Katanga, mtu mrefu, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku zisizo na umeme wala makaa. Ofisi ilikuwa na utepe mmoja tu wa kupimia, na utepe huo ulikuwa umekatika mwanzoni, pete yake ya chuma imeondoka pamoja na sentimita za kwanza. Kwa hiyo aliyeshika mwanzo aliweka kidole gumba kwenye namba kumi, na aliyesoma upande wa pili alitoa kumi kwenye namba aliyoisoma. "Kumi?" aliuliza Papa Ilunga kutoka mwisho wa kiwanja. "Kumi," nilijibu. Tulisema hivyo mara thelathini au arobaini kwa siku, na baada ya miezi michache hatukusema tena, kidole kilikwenda chenyewe. Desturi ya pili ilikuwa yake peke yake. Plani ikimalizika, alikwenda kupima upya kila urefu kwa mkono wake mwenyewe, na namba aliyoihakikisha aliiwekea nukta ndogo ya penseli chini yake. Namba isiyo na nukta haikutoka ofisini. Watu wa viwanja walimchukia kwa ajili ya nukta hizo, maana ziliwachelewesha majuma.

Tulikaa ua mmoja, katika mtaa wa Mulekera, kwa Mama Masika, mjane wa kanisa la Kiprotestanti aliyeimba sauti ya pili kwenye kwaya na aliyejua mambo ya kila nyumba bila kutoka kwake. Mimi nilikuwa na chumba cha nyuma. Papa Ilunga alikuwa na vyumba viwili vya mbele pamoja na mama yake mzazi, ambaye sote tulimwita Kambo, kwa kuwa kwao Katanga ndivyo wanavyomwita bibi. Mke wake na binti yake mdogo walibaki Kalemie. Nyumba haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini ya mabati, na maneno yaliyosemwa chumba kimoja yalivuka juu ya ukuta na kushuka chumba cha pili kama moshi wa jiko. Mwaka huo watu wa vijiji vya pembeni waliingia Mulekera na magodoro kichwani, wakakaa siku tatu au wiki, wakarudi, wakaingia tena. Tukisikia risasi wakati wa kula, Mama Masika alisema, "Hiyo iko mbali," akaendelea kuchagua maharage ya Musienene. Nilikuwa nakula, nalala, nakwenda kazini. Nikikumbuka leo, naona kila kitu wazi, sahani ya bati yenye ua jekundu, sombe ya majani ya muhogo, ugali wa foufou, harufu ya samaki wa chumvi, lakini sioni kama nilikuwa naogopa. Nadhani nilikuwa nimeishiwa na woga.

Juu ya ukuta ndipo niliposikia habari ya reli. Ilikuwa Jumapili mchana, Kambo amerudi kutoka kanisani na amekataa kula. "Ilunga," alisema, "miye nitakufa hivi karibuni, hapana unidanganye. Baba yako alifunga ile aiguille, ao hakuifunga?" Papa Ilunga akajibu, "Mama, hata miye sijue. Nilikuwa mutoto." Kambo akasema, "Nilimupikia miaka kumi na mbili. Kila siku alisema, nilifunga. Kila siku nilisema, ndiyo Baba Ilunga, ulifunga. Na sikumwamini hata siku moja." Kisha nikasikia kijiko kinawekwa kwenye sahani.

Siku iliyofuata Papa Ilunga alinieleza mwenyewe ofisini, kwa sauti ileile aliyotumia kueleza mipaka ya kiwanja. Baba yake alikuwa mlinzi wa aiguille, mahali ambapo reli moja inagawanyika kuwa mbili, kwenye stesheni ndogo ya kusini ambayo jina lake sitalitaja. Kazi yake ilikuwa kusukuma ulimi wa chuma ili treni iende upande huu au ule, kisha kuufunga. Siku moja behewa liliingia njia ya pembeni, likaanguka, likamuua mtu wa breki. Wakubwa walisema ulimi uliachwa nusu wazi. Mzee alisema la, ulimi ulikuwa umefungwa, behewa lilivuka aiguille salama, likaangukia mbele, pale njia inapokata kulia na mara moja kukata tena kushoto. Lakini kabla ya uchunguzi behewa lilikuwa limekwisha kuburutwa. Akafukuzwa. Kanisani watu walihama benchi alilokalia. Alichoacha ni mchoro nyuma ya karatasi ya kalenda, wenye vipimo vyote vya pale, na nusu kipenyo ya mapindo yote mawili aliyoinakili kutoka plani iliyokuwa ukutani mwa stesheni: mita themanini.

"Nitaijenga," alisema Papa Ilunga. "Sentimita moja kwa kila mita. Kama behewa linapita, baba yangu alikosa. Kama linaanguka na aiguille imefungwa, basi."

Nilimwambia mchezo wa juu ya meza si treni. "Mademoiselle," alisema, "mita ni mita." Baadaye nilifahamu kwamba hakuwa ananijibu. Alikuwa anajiambia.

Mama Masika alimkopesha mlango wa ghala, kwa sharti kwamba utarudi kwenye bawaba kabla ya mavuno ya maharage. Tuliulaza juu ya masanduku mawili katika chumba cha mbele. Reli alizitengeneza kwa spoku za kinga, yaani baiskeli, alizonyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Vipande vya kulalia reli vilikuwa vijiti vya mianzi. Magurudumu ndiyo yaliyomsumbua, kwa sababu gurudumu la treni lina ukingo unaoshuka ndani ya reli, na ukingo huo lazima uwe sawa pande zote. Jibu alilipata uwanja wa mpira, kwenye maganda ya risasi yaliyotapakaa pale. Ganda la risasi lina ukingo kwenye kitako chake, na juu ya ukingo kuna mfereji mwembamba. Fundi saa wa sokoni alikata vitako vinane, akavitoboa katikati, akavipachika kwenye misumari. Mama Masika alivitazama kwenye kiganja chake. "Papa Géomètre," alisema, "hizi zilitafuta batu mwaka muzima, sasa unazifundisha kutembea mu njia." Ni mara hiyo moja tu namkumbuka Papa Ilunga akicheka.

Aiguille ilimchukua wiki tatu. Spoku mbili alizisugua kwa tupa mpaka ncha zikawa nyembamba kama ukucha, hizo ndizo ndimi, na mahali reli mbili zinapokatana aliacha pengo dogo la kupitisha ukingo wa gurudumu. Sehemu hiyo wenye kazi wanaiita moyo. Alikuwa akiniita nishike taa, nishike koleo, nishike ncha. Kambo alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta, miguu imefunikwa kitenge, akitazama mikono ya mwanawe. "Baba yako aliandika kwa mukono wa kuume lakini alisukuma kwa wa kushoto," alisema siku moja. Na siku nyingine: "Alipofukuzwa alileta nyumbani kofia tu. Nilimuuliza, na filimbi iko wapi? Njo neno la kwanza nilimwambia siku ile."

Kisha ikaja siku ya mapindo. Pindo la reli hulichori kwa macho. Unapigilia msumari mahali pa kitovu, unafunga uzi wenye urefu wa nusu kipenyo, mwisho wa uzi unaweka penseli, unazunguka. Mita themanini kwa mchoro wetu zilikuwa sentimita themanini. Papa Ilunga alikuwa amenunua utepe mpya sokoni, wa manjano, mzima, pete yake inang'aa, kwa kuwa ule wa ofisi hakutaka kuutoa ofisini hata kwa saa moja. Nilishika mwanzo wa utepe pamoja na fundo la uzi. Yeye alisoma upande wa pili. "Themanini," alisema, akakata. Kwa uzi huo mmoja alichora pindo la kulia, akahamisha msumari, akachora la kushoto. Ilikuwa Alhamisi, mvua imekatika, na Mama Masika alikuwa anakaranga vitunguu. Yote hayo nayakumbuka. Kidole changu kilikuwa wapi, sikumbuki.

Jaribio tulilifanya Jumamosi alasiri. Behewa lilikuwa na urefu wa kiganja, limejazwa mchanga. Papa Ilunga alilianzisha juu ya ubao ulioinama, kutoka alama ileile kila mara, ili mwendo usibadilike. Alifunga ulimi wa aiguille, akaukaza kwa msumari, kisha akamwita mama yake.

"Uguse, Mama."

Kambo aliinama, akapitisha kidole kwenye ndimi. "Imefunga?"

"Imefunga."

"Hapana wewe. Mademoiselle aseme."

"Imefunga, Kambo," nilisema, na ilikuwa kweli.

Papa Ilunga aliliachia behewa. Lilishuka likigonga viungo, likavuka aiguille bila hata kutikisika, likaingia pindo la kulia, na pale pindo linapogeuka kushoto gurudumu la mbele likapanda juu ya spoku. Behewa likalala ubavu, mchanga ukamwagika. Akalirudisha. Likaanguka palepale. Mara ya tatu palepale. Papa Ilunga alisimama na mikono imening'inia. Kambo hakulia. Aliugeukia mchanga, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili: "Pole, Baba Ilunga." Mama Masika, aliyekuwa mlangoni na mwiko wake, alirudi jikoni.

Tangu siku hiyo kila Jumapili baada ya ibada ilikuwa hivyo. Kambo alivua viatu, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasema, "Ipitishe." Papa Ilunga aliliachia behewa, likaanguka. "Pole, Baba Ilunga," alisema, halafu akaomba chakula, na alikula. Wiki baada ya wiki alikula zaidi. Mama Masika alisema kwamba uso wa yule mama umeshuka, yaani umetulia. Mimi nilitazama jambo hilo kama ninavyotazama mvua. Nilijua ni kubwa, nilijua linatokea mbele yangu, na halikunigusa.

Papa Ilunga akataka plani. Plani safi, ya wino, kama ya kiwanja cha serikali, yenye kila kipimo, ili mama yake awe nayo. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Plani haichorwi kutoka kwenye mchoro wa zamani, huchorwa kutoka kwenye kitu kilichojengwa. Kwa hiyo siku moja alipokuwa amekwenda kupima kiwanja upande wa uwanja wa ndege, nilipiga magoti mbele ya mlango na rula yangu ya mbao ya mita moja, nikaanza kupima. Urefu wa njia kuu, sawa. Urefu wa aiguille, sawa. Kisha nusu kipenyo, kutoka tundu la msumari mpaka katikati ya njia. Sabini. Nilipima tena. Sabini. Nikapima pindo la pili, sabini. Nilichukua utepe wa manjano juu ya dirisha, nikaushika kama ninavyoshika siku zote, bila kuwaza, kisha nikainamisha kichwa kutazama. Kidole changu gumba kilikuwa kwenye kumi. Pete ilikuwa imening'inia nje ya mkono wangu, nzima, mpya, haina kazi. Yeye alijua utepe ni mzima, akakata uzi kwenye themanini, si kwenye tisini. Mimi niliushika kama utepe wa ofisi.

Niliandika hayo kichwani kwa mpangilio, kama ninavyoyaandika hapa. Mapindo yalikuwa makali kuliko ya stesheni. Behewa lilianguka kwenye pindo la sabini, na hakuna aliyelijaribu kwenye la themanini. Haikumaanisha kwamba mzee alisema uongo. Ilimaanisha kwamba hatujui, kama zamani. Kulikuwa na njia rahisi ya kujua: kung'oa spoku nane, kukata uzi mpya, kuzipigilia upya. Kazi ya siku mbili. Na kama behewa lingepita, Jumapili Kambo angekaa kwenye kiti chake, aseme "Ipitishe," na behewa lipite.

Kambo alikuwa upande wa pili wa ukuta, amelala. Nilidhani amelala.

"Mademoiselle," alisema juu ya ukuta, "uko unapima?"

"Ndiyo, Kambo."

"Inalingana?"

Nilitazama tundu la msumari. Jikoni Mama Masika alikuwa anaimba sauti ya pili peke yake, wimbo usio na sauti ya kwanza.

"Inalingana," nilisema.

Jioni hiyo nilichora plani kwa wino, nikaandika mita themanini, kwa tarakimu nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilikuwa sijawahi kuandika namba ya uongo juu ya karatasi ya plani, na nilishangaa kuona kwamba wino unakauka kwa muda uleule. Nilimpa Papa Ilunga siku iliyofuata. Aliitazama, akasema, "Propre," yaani safi, akaiweka kwenye bomba la maji aliloliokota mahali fulani. Wiki hiyohiyo nilihamishwa kwenda ofisi ya Butembo. Nilifunga godoro na rula, nikapanda lori la viazi, na sikumwambia mtu kitu.

Kambo alifariki kabla ya mwisho wa mwaka, akiwa amelala. Nilirudi Beni kwa matanga. Mlango ulikuwa umerudi kwenye bawaba za ghala, na matundu mawili ya msumari yalipitisha mwanga. Mama Masika alinivuta jikoni, tukamenya viazi pamoja. "Uliondoka," alisema, "na Papa Géomètre akapiga magoti Jumamosi nzima mbele ya ule mulango, na rula ya mutoto wa masomo. Nilimuita kula, hakusikia. Jumapili, Kambo akasema, ipitishe. Akaipitisha."

"Ikaanguka?"

"Ikaanguka. Si inaangukaka kila siku." Aliendelea kumenya. "Nilimuuliza, Papa, uko mugonjwa? Akasema hapana. Akasema utepe wa sokoni hauna kosa. Nani alikuwa amemwambia uko na kosa?"

Nilimpa Papa Ilunga mkono pale uani, kati ya watu. Alisema asante kwa kuja. Alinitazama kwa muda unaotosha kuuliza swali, halafu akageuka kumsalimia mchungaji. Mwaka uliofuata serikali ilimrudisha kwao, na hatukuandikiana.

Hayo yote nilimweleza Béatrice kwa ufupi, meza ikiwa kati yetu, bila habari ya kidole. Nilimwambia tu kwamba bibi yake aliiona njia ile na akapata usingizi. Kisha nikaitoa plani. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, lakini wino ulikuwa palepale. Tuliikandamiza kwa vikombe. Nukta nilizitafuta kabla ya kutafuta kitu kingine chochote. Urefu wa njia kuu, nukta. Urefu wa ulimi, nukta. Upana wa njia, umbali kati ya vijiti, pengo la moyo, kila kimoja kina nukta yake ya penseli, ndogo, kali. Sahihi yake chini, na tarehe ya Jumamosi moja baada ya mimi kuondoka. Chini ya themanini hakukuwa na kitu. Niliinamisha karatasi dirishani nione kama kuna alama iliyofutwa. Karatasi ilikuwa laini. Hakuweka na hakufuta. Na namba hakuisahihisha.

Béatrice alifuata kidole changu. Yeye ni mwalimu wa hesabu, jicho lake ni la baba yake. "Hii moja alisahau," alisema.

"Hakusahau."

Alifungua mkoba, akatoa penseli, akaiweka karibu na mkono wangu. "Donc uiweke weye, Mama Katungu. Ikamilike, nimutengenezee cadre ya mbao, niitundike Kalemie."

Niliishika penseli. Kifuani kitu kilisogea kidogo, baada ya miaka yote hiyo, kama mtu anayegeuka kitandani chumba cha pili.

"Nukta inawekwa na mwenye alipima," nilimwambia. "Na yeye alipima." Nikamrudishia penseli yake, nikaanza kuikunja plani taratibu kutoka upande wa sahihi.